Matofali ya Penseli

Kumgeuza mgonjwa aliyevunjika nyonga si kazi ya mtu mwenye haraka. Wanatakiwa watu wanne: watatu upande mmoja wa kitanda, mmoja kichwani. Wa kichwani ndiye anayehesabu, na akifika tatu wote wanageuza kwa pamoja, mabega, kiuno na miguu viondoke mara moja kama gogo. Mmoja akitangulia, mifupa inasagana humo ndani, na mgonjwa atakujulisha kwa sauti itakayofika hadi getini. Katika wodi ya mifupa ya wanawake, mhesabuji wa zamu ya asubuhi alikuwa nesi mkuu, ambaye wote walimwita Mama Wodi, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumnyang'anya nafasi hiyo ya kichwani.

"Haya, Fundi, mikono kifuani," alisema asubuhi ile ya Jumanne. "Mto upo katikati ya magoti? Upo. Moja. Mbili. Tatu."

Wakamgeuza. Mgonjwa akatua kwa ubavu wa kushoto, uso ukielekea ukutani, bila hata kuguna. Mbele ya tumbo lake fremu ya vyuma ilibaki imara: vyuma vinne vilivyopenya ngozi hadi mfupani, vikafungwa kwa fito nje, mfano wa kiunzi cha nyumba isiyokwisha.

"Unahesabu vizuri, Mama Wodi," alisema mgonjwa. "Ungekuwa saidia fundi wangu ningekupandisha cheo."

"Nikubebee zege? Mgongo wenyewe huu!"

Wakacheka wote watano.

Mgonjwa huyu alikuwa fundi mwashi, na kwenye ujenzi walimpa jina la Timazi, kwa kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kupima kama ukuta umesimama wima. Walisema jicho lake halihitaji uzi. Wanaume waliokuwa wakimcheka siku za mwanzo, mwanamke na mwiko wapi na wapi, walikuja kumwomba awakagulie kuta zao kabla msimamizi hajafika. Kisha siku moja lori la kokoto likarudi nyuma bila dereva kuangalia, likambana kwenye ukuta alioumaliza jana yake. Ukuta haukutikisika. Nyonga yake ndiyo iliyofunguka kama kitabu.

"Ningekuwa fundi mbovu ningepona," aliwaambia manesi siku ya kwanza aliyoweza kuongea. "Ukuta ungeanguka, nami ningeanguka nao. Tatizo nilijenga vizuri."

Alikuwa na siku kumi na sita tangu aumie. Fremu ya mbele ilikuwa ya kumshikilia tu. Kazi kubwa ilikuwa nyuma, pale mfupa wa kifandugu, mwisho wa uti wa mgongo, ulipoachana na mwenzake, na daktari wa mifupa alikuwa amempangia operesheni siku ya Alhamisi. Ataingiza skrubu mbili kutokea nyuma, mifupa irudi mahali pake, na baada ya miezi mitatu Timazi aanze kukanyaga. "Utapanda jukwaa la ujenzi tena," daktari alimwambia mbele ya mama yake mzazi. Yule mama mzee akamshika Mama Wodi mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, mimi sijui mambo ya hospitali. Nimekuachia wewe." Mama Wodi akasema amepokea.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mwanzoni lilimuudhi Mama Wodi. Kila alipogeuziwa ukutani, Timazi alichukua kipande cha penseli kutoka chini ya mto, penseli bapa ya mafundi, akachora tofali dogo ukutani. Moja tu. Mama Wodi alimgombeza: ukuta wa hospitali si daftari. Timazi akamjibu kwa upole kwamba mikono yake haijawahi kukaa bure tangu utoto, na kwamba hapo anahesabu siku zake tangu alipoanza kugeuzwa, kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, kwa siku moja. Mama Wodi akalegea. Baadaye hata alianza kuupenda ule ukuta. Ulikuwa umenyooka ajabu, na kuanzia kozi ya tatu fundi alikuwa ameacha uwazi katikati.

"Umeweka na dirisha!" Mama Wodi alimwambia siku moja.

Timazi alimtazama kidogo. "Ndivyo linavyoonekana," akasema.

Hayo yakapita.

Sasa tumjue Pacha, maana bila yeye hakuna habari. Pacha alikuwa mkuu wa zamu ya mchana, ile inayoanza saa nane hadi saa mbili usiku. Yeye na Mama Wodi walisoma chuo kimoja, wakalala chumba kimoja, wakapigia sare pasi moja, na walipoajiriwa siku moja watu wakawabatiza Pacha wote wawili, hadi mmoja alipopewa wodi na kupata jina jingine. Mama yake Mama Wodi alipougua mwaka mzima kabla ya kufariki, Pacha alimshikia zamu bila kuombwa na bila kumkumbusha hata siku moja. Mama Wodi alikuwa na ndugu wa damu watatu, lakini ungemuuliza nani ndugu yake, angekutajia huyo.

Ndiyo maana Ijumaa iliyopita, Pacha alipompigia simu baada ya zamu yake na kumwambia, "Fundi nimemwekea plasta kubwa kifanduguni, ya kulinda ngozi. Msiifungue mpaka aende chumba cha operesheni," Mama Wodi hakuuliza swali. Aliwatangazia wenzake. Jumatatu nesi msaidizi aliyekuwa akimwosha mgongo aliuliza, "Mama Wodi, tufungue kidogo tuone?" naye akajibu akiwa kichwani, ameshika mabega ya mgonjwa:

"Pacha kafunga. Mkono wake nauamini kuliko wangu."

Jumatano asubuhi daktari alipita kumtazama mgonjwa wake wa kesho. Wakamgeuza, moja mbili tatu. Daktari akabandua plasta.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha kila aliyekuwa upande wa mgongo akanyamaza. Mama Wodi aliona nyuso zao kabla ya kuona kitu chenyewe. Akaacha kichwa cha mgonjwa, akazunguka kitanda. Juu ya kifandugu kulikuwa na kidonda cha kulalia, kipana kama kisahani cha chai, cheusi katikati, kingo zimevimba na kulowa.

"Kuna nini huko?" Timazi aliuliza akiwa ameelekea ukutani. Tangu ajali sehemu ile ilikuwa na ganzi. Ungeweza kumbandika kaa la moto asijue. "Mbona mmekufa ganzi na nyie?"

Daktari alivua glovu zake, akaja upande wa uso wake, akachuchumaa ili waonane.

"Fundi, una kidonda mgongoni. Pale pale nilipotaka kupitisha skrubu. Nikikata hapo nitaingiza uchafu ndani ya mfupa. Kesho haipo tena."

"Itakuwa lini?"

"Kidonda kikifunga. Wiki sita, labda nane. Na mifupa haitanisubiri. Itaanza kushikana yenyewe, hivyo hivyo ilivyo."

"Imepinda."

"Imepinda. Utatembea, hilo nakuahidi. Ila mguu mmoja utakuwa mfupi, na jukwaani... sidhani."

Timazi alifumba macho. "Basi kuanzia sasa timazi ikining'inizwa kando yangu, itakuwa inanisema mimi," akasema.

Daktari alisimama, akachukua karatasi ya kugeuzia iliyotundikwa miguuni pa kitanda. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. "Kila saa mbili amegeuzwa. Mchana, usiku, asubuhi. Sahihi zote zipo." Kidole kikafika chini kabisa ya kila ukurasa. "Na hapa chini kila siku umethibitisha wewe, Mama Wodi. Mtu aliyegeuzwa hivi hapati kidonda kama kile. Naomba maelezo yako kwa maandishi."

"Pacha hawezi..." Mama Wodi alianza, kisha akajishangaa. Hakuna aliyekuwa amemtaja Pacha.

Watu walipoondoka alivuta kiti, akakaa katikati ya kitanda na ukuta, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Ukuta wa penseli ulikuwa mbele ya pua yake. Alihesabu matofali ya kozi ya chini: sita. Ya pili: sita. Ya tatu: mawili, uwazi, mawili. Ya nne vivyo hivyo. Na ya tano, na ya sita, hadi ya jana.

"Fundi," alisema taratibu. "Kila tofali ni nini?"

"Ni mara moja niliyogeuzwa huku."

"Na hapa katikati?"

"Hapo ni mchana." Timazi alimwangalia kama mtu anayeulizwa jina lake na mzazi wake. "Mchana sigeuzwi. Nalazwa chali saa nane, nabaki chali mpaka wa usiku waje. Nikiwa chali siwezi kuufikia ukuta, ndiyo maana naacha nafasi. Si unajua?"

"Nijue mimi?"

"Si wewe uliyeagiza? Yule mwenzako, Pacha, aliniambia siku ya tatu ya kugeuzwa: Mama Wodi amesema mchana upumzike, usisumbuliwe mifupa. Nikaona sawa. Kila asubuhi unakuja, unachukua ile karatasi, unaisoma, unatia sahihi. Ukanionyesha hata dirisha ukacheka. Nikasema moyoni, huyu mama anajua anachofanya, anavyohesabu vile. Kwani ulikuwa hujui?"

Kusema alijua kungekuwa uongo. Kusema hakujua kungekuwa kubaya zaidi.

Saa sita mama mzee alikuja kumwona mwanawe, akaambiwa na daktari. Hakupiga kelele. Alimfuata Mama Wodi hadi mezani kwake, akasimama mbele yake na kikapu chake mkononi.

"Wewe ulikuwepo, mwanangu?"

"Nilikuwepo, mama."

Yule mzee akatikisa kichwa mara moja, akarudi kwa binti yake. Mama Wodi angependa kutukanwa.

Saa nane kasorobo Pacha aliingia chumba cha dawa akitabasamu, mkoba begani, kama kila siku ya miaka kumi na tisa. Mama Wodi alifunga mlango.

"Fundi ana kidonda."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki likitafuta pa kwenda. "Kimekuwa kikubwa?"

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Mama Wodi. Alikuwa amejiandaa kwa mshangao, kwa viapo, hata kwa machozi. Hakujiandaa kwa swali la mtu aliyekwishakiona.

"Ulikiona Ijumaa," alisema. "Ulikiona ukakifunika. Ukaniambia tusifungue, na mimi nikawa mlinzi wa uongo wako siku tano nzima."

"Kilikuwa chekundu tu. Nilidhani kitatulia. Nilitaka kukuambia, kila siku nikawa naona aibu."

"Na sahihi? Siku nane, Pacha! Saa nane amegeuzwa, saa kumi amegeuzwa, saa kumi na mbili amegeuzwa. Mwandiko wako naujua kuliko wa watoto wangu."

Pacha aliweka mkoba mezani. Uso wake ukabadilika, aibu ikaondoka, na kilichoingia badala yake kilikuwa kigumu.

"Ratiba alipanga nani?" aliuliza. "Wiki iliyopita ulitoa watu wawili mchana ukawapeleka asubuhi. Nikabaki mimi na msaidizi mmoja, wodi nzima. Gogo linageuzwa na watu wanne, unatuimbia kila siku. Wewe uliziona zile sahihi zangu, ukajua tuko wawili. Ulifikiri nageuza na malaika?"

"Ungeniambia."

"Ungeuliza!" Pacha alipandisha sauti, akaishusha. "Wewe hukutaka kujua. Ulitaka karatasi ijae, ikajaa. Usinigeuzie kibao leo."

Mama Wodi alisimama akiwa ameshika kitasa. Neno lile lilimkata maini kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na lilimuuma zaidi kwa sababu ndani ya ukweli huo Pacha alikuwa amejificha. Watu wawili hawawezi kugeuza, hilo ni kweli. Lakini watu wawili wanaweza kusema hatukugeuza. Na hakuna upungufu wa watu unaomlazimisha mtu kumwambia mgonjwa kwamba rafiki yako ndiye aliyeagiza.

"Ulimwambia ni amri yangu," alisema.

Pacha aliangalia chini. "Alikuwa anauliza uliza. Jina lako analiamini."

Mama Wodi akafungua mlango, akatoka. Alitembea hadi nyumbani akiwa na sare, jambo alilokuwa akiwakataza wengine.

Alhamisi, siku ambayo ingekuwa ya operesheni, alifika mapema kuliko kawaida. Tangu mlangoni alisikia harufu kali ya dawa ya kusafishia. Ukuta kando ya kitanda cha Timazi ulikuwa mweupe, bado una unyevu, na mabaki ya kijivu yakichuruzika hadi sakafuni. Kozi zote kumi na moja zilikuwa zimekwenda.

"Pacha alikuja jana jioni," Timazi alisema bila kuulizwa. Alikuwa chali, macho darini. "Na ndoo, yeye mwenyewe, wala hakumwita mfagizi. Akasema wakaguzi wanakuja."

Mama Wodi alifungua faili. Kwenye kurasa za siku zilizopita, kwa ule mwandiko alioujua, kulikuwa na mistari mitatu mipya iliyobanwa pembeni ya tarehe, kama mtu anavyojibana kwenye benchi lililojaa: mgonjwa alikataa kugeuzwa mchana, alieleweshwa, akaendelea kukataa.

Alisoma mara mbili. Kisha akalia, pale pale amesimama, faili wazi mkononi, bila kujificha. Hakulia kwa ajili ya kidonda. Kwa hicho alikuwa amelia jana. Alimlilia Pacha wa chumba kile cha chuo, aliyemshikia zamu mwaka mzima, na ambaye sasa alikuwa tayari kumpaka matope mwanamke asiyeweza hata kujigeuza, ili wao wawili watoke safi. Maana mistari ile ilikuwa inamwokoa na yeye pia. Alihitaji tu kutia sahihi chini, kama kawaida yake.

Alikaa mezani, akavuta karatasi tupu. Aliandika kwamba mgonjwa hakukataa. Aliandika kwamba zamu ya mchana ilikuwa na watu wawili kwa ratiba aliyoipanga yeye, na kwamba kwa siku nane alithibitisha kwa sahihi yake kazi ambayo alijua, au angejua kama angefikiri kwa dakika moja, kuwa haiwezekani. Aliandika habari ya plasta, na yale maneno yake kuhusu mkono anaouamini. Aliandika matofali: mangapi kwa kozi, mangapi yalikosekana, na nani aliyeyafuta. Jina la Pacha aliliandika lote, lile la kwenye cheti, ambalo hakuwa amelitumia tangu chuo, na kalamu ikamgomea kidogo kwenye herufi ya kwanza. Chini akaweka sahihi. Akampelekea daktari mkononi.

Aliporudi ilikuwa saa ya kugeuza. Wasaidizi watatu walikuwa wamejipanga, mto upo tayari. Mama Wodi alipiga moyo konde, akaenda kichwani, akanyoosha mikono kwenye mabega ya mgonjwa.

"Haya, Fundi. Mikono kifuani."

Timazi hakuweka mikono kifuani.

"Nimeambiwa umeandika," alisema. "Daktari amepita hapa. Amesema umejiandika na wewe."

"Ndiyo."

"Asante. Lakini hapo toka."

Mama Wodi hakuelewa. Wasaidizi walitazamana.

"Hapo kichwani unaona uso wangu tu," Timazi alisema. "Siku zote ulikuwa unaona uso wangu, mimi nakuchekea, wewe unanichekea, na huko nyuma naoza. Nenda mgongoni. Mmoja wenu aje anishike mabega."

"Na nani atahesabu?"

"Mimi mwenyewe."

Mama Wodi aliachia mabega. Alizunguka kitanda, akaingia katikati ya wasaidizi, akainamisha kichwa na kuweka viganja vyake chini ya kiuno cha mgonjwa, pale uzito ulipo mkubwa kuliko pote. Timazi alikunja mikono kifuani, penseli ikiwa ndani ya ngumi.

"Moja," alisema, akielekeza macho kwenye ukuta mweupe. "Mbili."

Alikawia kidogo kabla ya tatu. Kisha akaitamka, wote wakamgeuza kwa pamoja, na plasta ikawa mbele ya macho ya Mama Wodi. Aliibandua kwa mkono wake, akaangalia.